Punda akishazeeka: tupeane uzoefu wa siku zake za mwisho

Binti wa Langoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo asubuhi, nikielekea sokoni hapa Lamu, nimempita punda mzee akitafuna boksi kando ya jaa, mgongo umebonyea, makovu ya shogi, yale makanda ya mizigo, yangali yakionekana pande zote mbili, na hapakuwa na mtu wa kumwita wake. Nimemkumbuka punda wa marehemu baba, aliyebeba mawe ya nyumba nyingi za mtaa wetu na akafia uani kwetu, ameshiba na amefunikwa gunia. Ningependa kusikia kutoka kwa waliofuga: mnyama huyu akishindwa na kazi, mlimtunza vipi, na mlijuaje kwamba mwisho umefika?

Mwana wa Matondoni
Umenigusa, dada. Wa kwetu alikufa zamani, na hadi leo mama akisikia punda akilia alfajiri huuliza kama amepewa maji.

Fundi Mawe
Mimi nasema tuanze na meno. Watu huona punda mzee amekonda, wakadhani ni minyoo, wakamnywesha dawa na kungoja anenepe, kumbe kinywa ndicho kilichokwisha. Meno ya punda huendelea kuchomoza kadiri yanavyolika, lakini uzeeni hubaki vigutu au hukaa upande, na nyasi kavu hazisagiki tena. Dalili utaiona chini, mbele ya kwato zake: matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate, ameyatema. Nilipoyaona hayo kwa jike wangu niliacha kumpa nyasi ndefu, nikawa nalowanisha pumba za mahindi kwa maji ya uvuguvugu mpaka zilainike kabisa, nampa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, naye akaziona kaskazi na kusi nyingine ambazo hakuna aliyedhani angezifikia.

Jambo jingine ni kutomwacha akae na njaa, hata akiwa mnene. Punda akikataa chakula, mafuta ya mwili humiminika katika damu, ini likazidiwa, na akifikia hapo ni nadra kuokoka. Usingoje alalamike, kwa kuwa punda huficha maumivu. Ukimwona amesimama peke yake, masikio yameanguka, hageuki hata akiitwa, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Nahodha wa Kipungani
Hayo ya pumba ni ya wenye nafasi. Mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kununua chakula cha mnyama asiyebeba. Mimi wangu nilimuuza kwa mfanyabiashara wa bara, na sioni aibu kulisema.

Binti wa Langoni
Kaka, ulimuuliza anampeleka wapi?

Nahodha wa Kipungani
Aliyenunua ndiye mwenye mali, dada yangu.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu Nahodha, anakopelekwa kunajulikana. Tangu vichinjio vya punda vilipoanza nchini Kenya mwaka wa 2016, ngozi zao zikipelekwa China kuchemshwa ili kupata ile gundi ya dawa iitwayo ejiao, watu wengi wa bara waliamka asubuhi wakakuta punda wao wamechunwa vichakani. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo Mei 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi hizo barani kote. Na kuhusu matibabu, tangu Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ilipofungua kituo chake hapa Lamu mwaka wa 1987, wenye punda maskini kabisa walipata kutibiwa wanyama wao bila malipo, kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu.

Nahodha wa Kipungani
Mwalimu, nakuheshimu. Lakini yule aliyemwona dada jaani hakuuzwa. Aliachiliwa na mtu ambaye huenda yumo humu akisoma. Anakula karatasi na mifuko ya plastiki mpaka utumbo uzibe. Mnanilaumu mimi, na huyo mnamwambiaje?

Mjukuu wa Mkomani
Nahodha ameuliza jambo la haki, lakini niruhusuni nieleze lililotupata, kwa sababu sijawahi kuliandika.

Ami yangu alikuwa na dume aliyezeekea kazini, na kila jioni tulimpitisha kichochoroni kwenda kunywa maji pamoja na mwenzake waliyekua naye tangu udogo. Mnajua upana wa vichochoro vyetu: punda wawili wenye shogi hawapishani. Jioni hiyo miguu ya nyuma ilimlegea, akaanguka ubavu, kichwa kwenye baraza ya watu na mkia kwenye ukuta wa pili. Tulimvuta, tukamsukuma, tukamwagia maji, hakunyanyuka. Mara tukasikia tahlili ya watu wengi, na jeneza likakata kona.

Jua lilikuwa likizama na kurudi nyuma na umati ule hakukuwezekana. Waliotangulia walisimama, wakashauriana, kisha mzee mmoja akasema jeneza lipite juu. Walilipokezana kwa mikono iliyonyooshwa, wengine wamepanda barazani, na punda chini yake akihema. Mwenzake hakubanduka, kila mtu ilimbidi ajibane ukutani ili ampite. Baada ya maziko baadhi yao walirudi moja kwa moja kwetu na tanga la mashua, wakalipenyeza chini ya tumbo lake, wakamwinua na kumbeba mpaka uwanjani. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo: ufizi ulikuwa umegeuka zambarau. Akamwambia ami kwamba hatasimama tena na kwamba kumngojea ni kumwongezea mateso. Ami alimshika sikio mpaka sindano ikamaliza kazi.

Mkaazi wa Shela
Subhanallah. Na wafiwa walisemaje?

Mjukuu wa Mkomani
Hao ndio walioleta tanga.

Jirani wa Mkomani
Nilikuwepo, na kisa ni cha kweli, ila lile lilikuwa turubai la kufunikia saruji. Mimi nilishika pembe moja.

Mjukuu wa Mkomani
Ndugu yangu, tanga lile lilikuwa la mashua ya shemeji yangu, na kiraka chake nakijua.

Mama wa Pate
Mimi sindano siikubali. Roho huitoa aliyeiweka. Wangu alipolala nilimgeuza ubavu asubuhi na jioni, nikampaka mafuta ya nazi mahali palipochubuka, nikamwekea kivuli, akaenda siku yake ilipofika.

Mwalimu Mstaafu
Bi mkubwa, huruma yako ina thawabu, inshallah. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tufanye wema katika kila jambo, hata katika kuua, na mnyama asiyeweza kusimama wala kula huteseka kwa muda mrefu. Katika hili nipo na ami wa Mkomani.

Mkaazi wa Shela
Na kuzika je? Wetu tulimpeleka kwenye vilima vya mchanga nyuma ya Shela, kwa kuwa huchimbika upesi.

Fundi Mawe
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Maji tamu ya mji hutoka visimani chini ya vilima hivyo. Mvua huchujwa na mchanga huo huo. Mzoga hauzikwi hapo, hasa wa mnyama aliyepigwa sindano, kwa kuwa dawa ile hubaki mwilini. Wala usitupwe baharini, maji yakijaa utarudishwa. Tafuta shamba lililo mbali na kisima, na chimba kina ambacho mbwa hawatakifukua.

Na yule mwenzake asisahauliwe. Mwacheni akae na maiti mpaka aondoke mwenyewe, kwani akinyang'anywa ghafla huzunguka akimtafuta na huacha kula, na punda aliyeacha kula nimekwisha kueleza yanayompata. Mpelekeeni chakula pale pale aliposimama.

Mwana wa Matondoni
Ami Fundi, pumba za ngano zinafaa? Za mahindi zimeadimika huku.

Fundi Mawe
Kwa kiasi, zinafaa, mwanangu, ilimradi zilowe vizuri.