Majirani wa Mtaa: Mbu wa Jioni

Mama Swaumu: Habari za jioni majirani. Mvua hizi mbu hawasemeki. Mdogo wangu kajifungua, yuko hapa kwangu na kichanga, halafu Swaumu ana pumu. Udi wa mbu siwashi, dawa ya kupuliza ndiyo kabisaa. Nyie mnafanyaje?

Baba Junior: Panda mchaichai mlangoni. Na mrehani. Hawasogei.

Elia Fundi: Kwangu mchaichai umejaa ukuta mzima, mbu wanapumzikia humohumo 😂

Bi Zuhura: Sisi tukichoma kivumbasi na makumbi ya nazi magharibi inapoingia. Walikuwa wanatoka wenyewe.

Nesi Rehema: Shikamoo Bi Zuhura. Kivumbasi kinafukuza kweli, ila moshi ni moshi. Kwa mwenye pumu na kichanga, hapana. Na mchaichai uliosimama tu kwenye kopo hausaidii kitu, harufu inatoka jani likipondwa.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Haya, mpe hiyo isiyo na moshi.

Nesi Rehema: Mama Swaumu, wanauma saa ngapi?

Mama Swaumu: Usiku wapo, wanapiga kelele masikioni. Ila wanaonikera ni wa mchana. Asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni, wanajificha chini ya meza wanauma miguu. Weusi, wana madoa meupe.

Nesi Rehema: Huyo ni Aedes, ndiye wa homa ya dengue. Mnakumbuka 2014 na 2019 alivyotutesa hapa Dar. Sasa yeye hatoki mtaroni. Anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo: ndoo, pipa, kisahani cha chini ya maua, kifuu, tairi. Na haruki mbali, kwa hiyo anayekuuma kazaliwa kwako au kwa jirani wa ukuta.

Elia Fundi: Jirani wa ukuta si Baba Junior? Yule mwenye matairi nyuma ya nyumba?

Baba Junior: Yale ni mtaji bwana.

Nesi Rehema: Mtaji ukae chini ya paa au ufunikwe turubai. Mvua moja tu inatosha.

Mama Swaumu: Mimi pipa langu maji yakiisha ndiyo najaza mengine, hayakai.

Nesi Rehema: Kuisha hakutoshi, dada. Mayai anayagandisha ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji. Yanakaa makavu hata miezi, ukijaza yanaanguliwa. Sugua na brashi kila wiki. Kwa joto letu, toka yai mpaka mbu wa kuruka ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukisugua kila Jumamosi humpi nafasi. Halafu funika kwa kipande cha chandarua kibovu, kaza na mpira.

Mzee Haji: Na hao wa kelele usiku wanatoka kwenye makaro ya vyoo. Kwetu Makunduchi, Unguja, miaka ya mwisho ya themanini, wataalamu walimwaga punje nyeupe za poliestirini kwenye vyoo vya shimo. Zinaelea, zinafunika maji yote. Kiluwiluwi akija juu kuvuta hewa, hapati. Mbu wa vyooni walipungua sana. Watu walimezeshwa pia dawa za matende, maana mbu haohao ndio wanaoyaeneza, nayo matende yakapungua.

Elia Fundi: Shikamoo mzee. Ni zile za kwenye katoni za tivii?

Mzee Haji: Marahaba. Ndiyo aina hiyo, ila punje ndogondogo.

Elia Fundi: Kwa choo cha shimo safi sana. Sisi wa makaro, gari likija kunyonya linaondoka nazo. Hapa dawa ni kuziba. Ule mfuniko wa chemba ya nyumba ya wapangaji umepasuka, mbu wanatoka kama moshi. Na bomba la hewa livalishwe wavu juu. Wavu wa plastiki lakini, wa chuma unaliwa na hewa ya karo.

Baba Junior: Na feni je?

Nesi Rehema: Feni nzuri mno. Mbu hana nguvu ya kuruka kwenye upepo, tena inatawanya pumzi zetu anazozifuata. Jioni ielekezeni miguuni.

Baba Junior: Na umeme wa LUKU analipa nani 😅

Mama Swaumu: Chandarua tulichopewa kliniki kina dawa. Nitafute cha kawaida?

Nesi Rehema: Hapo hapana, dada, hicho usikiache. Dawa yake imo kwenye uzi, haielei hewani kama ya kupuliza, na kichanga analala humo salama. Wa malaria anauma usiku, feni na pipa safi peke yake havitoshi. Kama ni kipya, kianike kivulini siku nzima kwanza.

Mama Swaumu: Nimekuelewa. Pipa nasugua leo hii.

Elia Fundi: Mfuniko nausuka Jumamosi, nondo ninazo. Tuchange sementi tu.

Bi Zuhura: Mimi nitatoa chai na vitumbua.

Baba Junior: Nani ana turubai?

Elia Fundi: 😂😂😂