Mliosoma masta huku mkifanya kazi: pesa mlitoa wapi, muda mliupata wapi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu na dada zangu, habari za jioni.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliosoma masta, au wanaosoma sasa, huku wakitafuta riziki. Ushauri wa kubana matumizi tumeshausikia sana. Mtu aeleze alifanya kazi gani, saa zipi, ada aliilipaje, na ni wapi vyuma vilikaza. Naanza mimi.

Nilisoma masta ya jioni nikiwa upande wa hesabu katika hospitali binafsi. Kazini natoka saa kumi, darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, nyumbani nafika mtoto ameshalala. Mshahara ulikuwa unapungua kabla sijaushika: asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda Bodi ya Mikopo kwa deni la digrii ya kwanza, kodi inakatwa, mfuko wa jamii nao unachukua chake. Kinachobaki ndicho pango, chakula, nauli na ada. Na kwa wengi wetu masta haina bumu, ile pesa ya mkopo wa mwanafunzi.

Hata hivyo, ada ya mwaka wa kwanza haikunitesa sana. Nusu ilitoka kwenye mgao wa kikoba, nusu nililipa kidogo kidogo kila mwezi. Kilichowaangusha wenzangu ni mwaka wa pili. Madarasa yakiisha mtu anapumua, anaona mlima umekwisha, pesa anaielekeza kwenye kiwanja au harusi ya mdogo wake. Utafiti nao una gharama zake: nauli za kwenda na kurudi, posho ya vijana wa kukusaidia kukusanya data, kuchapa madodoso, mtu wa kukuelekeza kwenye takwimu, kuchapa na kujalidi tasnifu kila msimamizi anaporudisha masahihisho. Gharama hizo hazimo kwenye karatasi ya ada uliyopewa siku ya kujiunga. Ukikwama hapo muda wa programu unapita, unadaiwa ada ya kuongeza muda, na masta ya miaka miwili inakwenda minne. Ninao wenzangu wenye akili kuliko mimi ambao hadi leo wana matokeo ya madarasa tu. Inaniuma, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Mimi mada ya utafiti niliichagua kwa kuangalia mfuko. Niliandika kuhusu ukusanyaji wa madeni ya wagonjwa wa bima, nikaomba kibali kwa mwajiri, na kumbukumbu zote zilikuwa jengo lilelile ninalofanyia kazi. Mwalimu wangu alitaka nilinganishe mikoa mitatu. Nikamweleza hali halisi ya pesa yangu, akakubali hospitali moja ichunguzwe kwa kina. Semeni na wasimamizi wenu mapema, wengi wanasikiliza.

Mwalimu wa sekondari, Songea

Dada, umegusa penyewe. Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria kwa sababu kina vituo mikoani, sikulazimika kuacha kituo cha kazi wala familia. Nilitaka kukopa benki nikagonga ukuta wa moja ya tatu ya mshahara ambayo lazima ibaki mkononi: mkopo wa kujengea ulikuwa umeshakula nafasi yote, mshahara haukuruhusiwa kukatwa zaidi. Wapo walionishauri niende kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Nilikataa, nimeona mwenzetu anakabidhi kadi yake ya benki kwa mkopeshaji na kila mwisho wa mwezi anaomba apewe nauli kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe.

Kilichonilipia ada ni mahindi. Huku kwetu tunavuna kuanzia Juni, watu wanauza palepale shambani kwa sababu shida zimewabana, na bei inakuwa chini. Mimi niliweka gunia za ada pembeni, nikazipiga dawa, nikauza bei ilipopanda. Mke wangu alijua kwamba zile si za kula wala za kuuza kwa ajili ya msiba. Bila makubaliano hayo nyumbani nisingemaliza, na jina lake nimeliandika kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu.

Kusoma nilisoma alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Usiku mwalimu anakuwa amechoka na madaftari ya watoto, hakuna kinachoingia.

Mwanafunzi, Nairobi

Asanteni kwa kunikaribisha. Mimi nafanya kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi kupitia intaneti, na malipo huja kwa dola. Watu huona kazi ya nyumbani kama ndiyo rahisi zaidi kwa mwanafunzi. Shida yake ni kwamba haina mwezi unaofanana na mwingine. Wiki hii faili ni nyingi mpaka mgongo unauma, wiki mbili zijazo hakuna kitu. Na chuo hakingoji: usipomaliza karo hupewi kadi ya mtihani.

Kwa hiyo dola zikiingia, za karo hazikai kwenye M-Pesa hata usiku mmoja. Nazituma moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, hata kama ni shilingi elfu mbili. Kwenye chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, niliomba zamu yangu iwe Agosti, kabla ya muhula kufunguliwa Septemba, na kina mama wenzangu wakakubali. Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, naitumia kwa unga na tokeni za stima tu, kwa karo kamwe, kwa sababu pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza na mwezi unaofuata unaanza ukiwa chini.

Mtanzania, Ujerumani

Kwa wanaofikiria kuja huku, niseme la pesa wazi. Nilipoomba viza mwishoni mwa 2024 nilitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayoitwa Sperrkonto. Pesa ni yako, ila inaachiwa kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi. Nyumbani waliuza ng'ombe na wajomba wakachanga. Kwa hiyo nilipofika nilikuwa na deni la heshima, na simu za kuomba msaada zilianza mapema. Ilibidi nimwambie mama ukweli kuhusu bei ya chumba na bima ya afya. Alinielewa kuliko nilivyotarajia, yeye ndiye aliyewatuliza wengine.

Sheria inaturuhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 za kazi kwa mwaka, tangu Machi 2024. Wengi wanakimbilia kubeba boksi usiku kwenye maghala. Mimi nilitafuta kazi ya msaidizi chuoni, saa kumi kwa wiki. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na mimi napata karibu na hapo, kwa hiyo kwa mwezi ni pesa ndogo kuliko ya ghala. Lakini kazi hiyo haihesabiwi kwenye zile siku 140, wakati wa mitihani profesa anaelewa, na data ninazozisafisha kwake ndizo nitakazotumia kwenye tasnifu. Kwangu hiyo inafidia tofauti ya malipo.

Mlezi wa wazee, Uingereza

Nyongeza fupi. Huku mwanafunzi anaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa masta ya mwaka mmoja, majira ya joto ni kipindi cha tasnifu na kwa kawaida hakihesabiwi likizo, kwa hiyo usipange bajeti ukidhani Julai na Agosti utafanya kazi saa zote. Uliza chuo chako tarehe zake kwa maandishi. Viza yako iko hapo.

Muuguzi, Mwanza

Shikamoo dada mwanzisha uzi, nimesoma yote. Mimi nimepata barua ya udahili, nina ada ya mwaka wa kwanza tu, na zamu zangu zinabadilika kila wiki. Nianze Oktoba au nisubiri?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kabla ya kuamua fanya mambo mawili wiki hii. Nenda kwa msimamizi wako wa wodi na ratiba ya madarasa mkononi, uone kama anaweza kukupangia zamu zinazojulikana kwa muhula mzima. Halafu waandikie ofisi ya uzamili wakupe gharama za mwaka wa pili pamoja na ada ya kuongeza muda, na uwaulize kama wanaruhusu kuahirisha udahili hadi mwakani. Kama zamu zinapangika na unaweza kuweka akiba ya utafiti kuanzia mwezi wa kwanza, mimi ningeanza. Zamu zisipopangika, ningeahirisha hata kama pesa ipo. Ukipata majibu yao yalete hapa tuyapitie pamoja, mwalimu wa Songea naye atakusaidia upande wa ruhusa ya mwajiri.