Nina selimundu, testi mbili zimenipita na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakaribia: niombe speshali (niufanye baadaye), niahirishe mwaka au nikomae?

BintiKisosora (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja cha serikali. Jina naliacha, sitaki uzi ugeuke wa kukisema chuo.

Nina selimundu (sikoseli) tangu utotoni. Mwaka wa kwanza nilipita bila shida, ila muhula huu maumivu yamenishika vibaya. Nimelazwa, nimeongezewa damu, na katikati ya hayo testi mbili za masomo tofauti zikafanyika. Mwalimu mmoja kanielewa, atanipa testi yangu peke yangu. Wa pili anasema karatasi niliyomletea ni ya hospitali ya nje, anataka ya zahanati ya chuo. Zahanati nao wanasema hawawezi kuandikia ugonjwa ambao hawakuutibu. Nimekuwa mpira wa danadana. Na bila hiyo testi CA yangu (alama za kazi za muhula) haifiki alama za kuniruhusu kuingia UE kwenye somo hilo.

La pili ni ukumbi wenyewe. Tunafanyia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kinachopuliza kama tuko Makete, na chupa ya maji hairuhusiwi kuingia. Baridi na kukaukiwa maji ndivyo vinavyoniamshia maumivu. Nikakae saa tatu hivyo? CR wetu (kiongozi wa darasa) nilipomuuliza kama naweza kupangiwa utaratibu tofauti akasema mipango hiyo ni ya wenye ulemavu, "wewe mbona unaonekana mzima".

Nyumbani wanasema niahirishe mwaka. Mimi naogopa bumu (pesa ya mkopo wa kujikimu) kukatika, na ninaogopa zaidi kurudi mwakani nikute wenzangu wameshaniacha. Waliopitia haya mnishauri, tafadhali. Matusi niwekeeni akiba kwanza.

Kaka_wa_Ifakara

Pole sana mdogo wangu. Ahirisha mwaka, upumzike. Shahada haiozi.

ChumviNyingi

Nitasema ambalo wengi wanaogopa kusema. Kila msimu wa UE ukifika, watu wanaumwa. Nilikuwa na jamaa hosteli alikuwa anaumwa kwa ratiba kabisa, testi ikitangazwa tu mgongo unaanza. Sasa ukianza kumpa huyu muda, yule chumba chake, yule maji, mtihani unabaki mtihani kweli? Sisemi dada yetu anadanganya, nasema walimu nao wana sababu ya kuwa wagumu.

Mtahini_Mchovu

Mimi ni mwalimu wa chuo, si chako bila shaka. Nimekaa vikao vingi vya watahini, nikueleze jinsi jambo lako linavyoonekana kwa upande wetu.

Kwanza tenganisha mambo matatu, maana hapa yamechanganywa na ndiyo maana Kaka wa Ifakara kakimbilia kuahirisha mwaka. Kuna testi iliyokupita, hiyo ni ya mwalimu wa somo na mkuu wa idara. Kuna kuahirisha mtihani wa mwisho na kuufanya baadaye kama speshali, hiyo huamuliwa ngazi ya kitivo au ndaki. Na kuna namna ya kuufanya mtihani (maji, chumba, mapumziko), hiyo ni ya ofisi ya mitihani pamoja na mshauri wa wanafunzi. Ukipeleka barua moja yenye yote matatu kwa mwalimu wa somo, ataiweka mezani ikae. Si ubaya wake, mawili kati ya hayo hana mamlaka nayo.

Kuhusu sapu na speshali, naona wanafunzi wanazichukulia kama kitu kimoja kwa sababu mara nyingi hufanyika kipindi kimoja. Ni vitu viwili tofauti. Sapu ni ya aliyefeli, na kwa vyuo vyetu vingi hata upasue vipi inaishia C. Speshali ni ya aliyekuwa na sababu iliyokubaliwa kabla, na inahesabika kama mtihani wa kwanza. Ukipata A ni A.

Hapo kwenye "kabla" ndipo watu wanapoumia. Ukiingia ukumbini, ukasaini karatasi ya mahudhurio na kuandika swali hata moja, kwa kanuni nyingi umeshafanya mtihani. Kuja baada ya matokeo kusema ulikuwa unaumwa ni kesi ngumu sana, nimeona zikikataliwa huku kila mtu kwenye kikao akimsikitikia mwanafunzi. Kwa hiyo hilo la "kukomaa" lifute. Ukiamka vibaya siku ya mtihani usiingie. Nenda zahanati asubuhi hiyo hiyo, upate karatasi yenye tarehe na saa, na mtu apeleke taarifa idarani kabla mtihani haujaisha.

Kuhusu danadana ya karatasi: zahanati haiombwi ikuandikie ugonjwa. Inaombwa *ithibitishe* karatasi ya hospitali. Peleka muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, daktari wa chuo ausome, agonge muhuri na aandike kwamba ameuona. Hiyo ndiyo mwalimu wako anaitafuta, hata kama hakuisema vizuri.

ChumviNyingi, jamaa yako wa hosteli namjua, kila chuo kinaye. Utaratibu wa barua na mihuri umewekwa kwa ajili yake. Mgonjwa wa kweli asilipie ujanja wa yule.

NesiMstaafu_TZ

Mwanangu, nyongeza kuhusu karatasi. Madaktari wetu wana haraka, wataandika "SCD, VOC, rest 5/7" (yaani selimundu, maumivu ya kuziba mishipa, pumzika siku tano) na kupiga saini. Mwenyekiti wa kitivo aliyesomea historia ataelewa nini hapo? Ukienda kliniki omba barua inayosema athari: kwamba baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu na msongo vinaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu yanapoanza; kwa hiyo mgonjwa anahitaji kunywa maji muda wote, kukaa mbali na kiyoyozi, kuruhusiwa kwenda msalani (maana anayekunywa maji lazima aende), na dakika za kusimama kujinyoosha. Barua ya namna hiyo inamwambia msimamizi afanye nini. Ile ya herufi tatu inamwambia tu kwamba unaumwa.

Aandike pia kwamba ni ugonjwa wa kudumu. La sivyo kila muhula utaanza upya.

Na maji uyanywe tangu usiku wa kuamkia mtihani. Wasichana wengi niliowahudumia hawanywi kwa kuogopa vyoo vya chuo, halafu wanakuja kwetu saa nane usiku.

SioniIlaNasoma

Dada, mimi sioni kabisa, nimemaliza shahada yangu. CR wako amekosea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haijasema ulemavu ni fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Inauelezea kwa kupotea au kupungua kwa nafasi ya mtu kushiriki maisha ya kawaida sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba ule imevitaja hadi vyuo vikuu. Kwa hiyo usiende kitengo cha mahitaji maalumu ukinong'ona.

Ila nikuonye, kupewa kibali ni nusu ya safari. Mimi nilipewa muda wa ziada kwenye barua, nikafika ukumbini msimamizi hana habari, akataka kukusanya karatasi na wengine. Mara nyingine nikaletewa mwandishi wa kuniandikia majibu ambaye hajawahi kusikia istilahi za somo langu, nikawa natumia muda wa ziada wote kumtajia herufi moja moja. Tangu hapo nikawa nafanyia kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, na siku moja kabla ya kila mtihani naenda kumwona msimamizi mwenyewe. Angalia na ratiba: ukiongezewa muda kwenye mtihani wa asubuhi, unakula muda wa kujiandaa kwa wa mchana. Siku zenye mitihani miwili omba mmoja usogezwe. Hili hakuna atakayelikumbuka usipolisema wewe.

Mama_Kulwa

Mimi nilijifungua pacha wiki za UE. Niliomba kuahirisha mitihani tu, si mwaka, na nikafanya speshali nikiwa na maziwa yamejaa kifuani, lakini nimepita. Ukiweza kuokoa mwaka, okoa.

Ikibidi kuahirisha mwaka, usiondoke kimya kimya. Nina rafiki aliyeenda tu nyumbani, chuo kikamwandika mtoro, kuja kurudi ni kilio. Hakikisha una barua ya chuo inayokubali, kisha nakala uifikishe kwa afisa mikopo ili Bodi ya Mikopo ijue umesimama kwa ruhusa. Ukirudi upeleke barua ya kurejea. Na bumu likitoka ukiwa wodini, mpigie afisa mikopo mapema. Pesa isiposainiwa ndani ya muda hurudi Bodi, na kuifuatilia baadaye ni kazi nyingine.

ChumviNyingi

Sawa, ya maji na chumba nimeelewa. Ya muda wa ziada bado. Kazini bosi atakupa muda wa ziada?

Mbongo_Leeds

ChumviNyingi, swali lako limefika mpaka mahakamani huku Uingereza. Mwaka 2018 mwanafunzi wa fizikia Chuo Kikuu cha Bristol alijitoa uhai. Alikuwa na woga mkali wa kusema mbele za watu, na sehemu ya alama zilitokana na kuhojiwa kwa mdomo na kuwasilisha kazi mbele ya wenzake. Alama zilikuwa zinashuka na chuo hakikubadili njia. Wazazi wakashtaki kwa Sheria ya Usawa ya 2010. Mahakama ikawapa haki mwaka 2022, chuo kikakata rufaa, Februari 2024 Mahakama Kuu ikaikataa rufaa. Hoja kubwa ilikuwa hii: kipi kinapimwa, na kinapimwa kwa njia gani? Ujuzi wa fizikia haushushwi. Njia ya kuupima, kama si yenyewe inayopimwa, inabadilika. Kama kozi ni ya utangazaji, kusema ndiyo kozi yenyewe. Fizikia sivyo.

Huku muda wa ziada wa kawaida ni robo ya muda wa mtihani, na hupewa hata mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika). Kuna ruzuku ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu ambayo sisi wa kutoka nje kwa kawaida hatuipati, lakini wajibu wa chuo wa kurekebisha mazingira unabaki palepale. Msidhani ni peponi. Fomu zao nazo zinachosha, na ukichelewesha siku umekwisha.

Mpwani_Kilifi

Huku Kenya tuna kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu imesainiwa 2025. Bado mwanafunzi anapanda ngazi ghorofa tatu kutafuta saini. Yaani dada, sheria itaje kwenye barua mara moja, kisha ueleze unataka nini hasa. Wakubwa wakiona vifungu vingi wanaipeleka kwa mwanasheria wa chuo, na huko inalala.

BintiKisosora

Asanteni sana, hata ChumviNyingi. Nimeelewa nipeleke barua tatu. Ila @Mtahini_Mchovu, nianzie wapi na niiandikeje ya ukumbi? Nikiandika nalia, nikifuta inakuwa kavu.

Kuhusu Chuo Kikuu Huria, kuna aliyenishauri inboksi nihamie huko. Nimemshukuru ila nipo mwaka wa pili na sitaki kuhama kozi yangu kwa sababu ya chupa ya maji.

Mtahini_Mchovu

Iwe kavu. Kavu ndiyo nzuri. Mfano:

"YAH: MAOMBI YA MPANGILIO MAALUMU WA MITIHANI YA MWISHO WA MUHULA. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili... Nina ugonjwa wa selimundu, kama inavyoonekana kwenye barua ya daktari iliyoambatanishwa na kuthibitishwa na zahanati ya chuo. Naomba: kuingia na maji kwenye chupa isiyo na maandishi, kukaa mbali na kiyoyozi au kwenye chumba kidogo, kwenda msalani nikisindikizwa, na muda uliotumika msalani na kujinyoosha ufidiwe. Naomba msimamizi wa kila mtihani apewe nakala ya kibali."

Kufidiwa muda uliopotea ni rahisi kukubaliwa kuliko kuongezewa muda, kwa hiyo omba hilo. Sheria itaje kwenye sentensi ya mwisho, kama alivyosema wa Kilifi.

Anza na ya testi, maana hiyo ndiyo inakufungia mlango wa UE. Mpe mkuu wa idara, nakala kwa mwalimu wa somo. Usimruke mwalimu, atasikia tu. Ya ukumbi mpelekee mshauri wa wanafunzi, nakala ofisi ya mitihani. Ya speshali iandike sasa ukae nayo bila tarehe. Ikihitajika unajaza na kuipeleka siku hiyo hiyo, hata kwa mkono wa mwenzako.

BintiKisosora

Ubarikiwe mwalimu. Ya mshauri wa wanafunzi nimwone mwenyewe au inapokelewa na katibu?

SioniIlaNasoma

Katibu anapokea. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo wewe. Halafu rudi baada ya siku mbili umwone mwenyewe, ukiwa na ile yenye muhuri mkononi.