Miaka minne baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kilo zinarudi: nifanyeje?

MwalimuTanga ameuliza:

Assalamu alaykum na habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 43. Mwezi Machi 2021 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza ukubwa wa tumbo, ule ambao wengi tunauita sliivu, nikiwa na kilo 128 na kisukari ambacho vidonge vilikuwa vimeanza kushindwa kukituliza. Baada ya miezi kumi na sita nilifika kilo 79. Sukari ilishuka, magoti yakaacha kuuma, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho niliweza kufundisha vipindi vinne mfululizo bila kutafuta kiti.

Nilikaa kwenye kilo 79 na 80 kwa mwaka mmoja hivi. Kisha zikaanza kurudi kidogokidogo, nusu kilo mwezi huu, kilo moja mwezi ujao, hadi wiki iliyopita mizani ya zahanati ilipoonyesha 91. Hakuna siku niliyokaa mezani nikamaliza sahani iliyojaa. Nikizidisha wali baada ya vijiko vitano au sita, kifua kinabana na usiku kiungulia kinaniamsha. Ndiyo maana naumia sana ninapoambiwa kwamba nimerudia ulafi. Nyumbani wameanza kusema kwamba fedha zile zilipotea, na mimi mwenyewe sijaenda kliniki tangu mwaka juzi kwa sababu naona haya kupanda mizani mbele ya daktari aliyenihangaikia.

Naomba kujua kama tumbo langu limetanuka tena, na kama kurudi kwa uzito namna hii ni jambo la kawaida. Zaidi ya yote natamani kusikia kutoka kwa mtu aliyevuka mwaka wa tano au wa kumi bila kurudi alikoanzia, anieleze anaishije.

Ili msinishauri gizani, hii ndiyo siku yangu ya kawaida. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari pamoja na nusu chapati. Saa nne shuleni nakunywa chai nyingine na kula kitumbua kimoja. Mchana nakula ugali kidogo kwa mchuzi mwingi, maana bila mchuzi haushuki, na kipande kidogo cha samaki. Alasiri nakunywa chai tena. Jioni, ninaposahihisha madaftari, huwa nina glasi ya juisi ya embe na kashata au karanga pembeni, na usiku nakula wali kidogo na kumalizia na chai. Vitamini niliziacha zilipoisha, katika mwaka wa pili.

LisheDar amejibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu, na pole kwa maneno unayoambiwa nyumbani. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na nimewahudumia watu kadhaa waliofanyiwa upasuaji kama wako. Nianze na hesabu, kwa sababu naona hakuna aliyekufanyia. Ulipoteza kilo 49, zimerudi 12, kwa hiyo bado uko chini kwa kilo 37, ambazo ni karibu asilimia 29 ya uzito ulioanza nao. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia zaidi ya watu 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali, uliona wastani wa upungufu wa asilimia 23 baada ya miaka miwili, 17 baada ya miaka kumi, na 18 baada ya miaka ishirini. Utafiti mwingine wa Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusu waliofanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaobakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba: walikuwa wamepungua wastani wa kilo 45 katika mwaka wa pili, na katika mwaka wa kumi na mbili bado walikuwa wamepungua kilo 35. Maana yake ni kwamba uzito kurudi kiasi baada ya kufika chini kabisa ni jambo linalotarajiwa, kisha kwa wengi husimama. Kinachonishughulisha kwako ni kwamba wako bado haujasimama.

Kuhusu kutanuka, mfuko uliobaki hutanuka kiasi kadiri miaka inavyokwenda, lakini maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kwamba bado unakuzuia: vijiko sita vya wali na kifua kinabana. Upasuaji wa sliivu huondoa takriban robo tatu hadi nne kwa tano za tumbo, ikiwemo sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo maana mwaka wa kwanza wengi husahau hata kula. Baadaye njaa hurudi kwa kiasi. Wakati huohuo mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule mkubwa, hasa kama misuli nayo ilipungua, kwa hiyo chakula kilichokutosha ulipokuwa unaelekea kilo 79 kinaweza kukuzidi sasa ingawa hujaongeza hata tonge moja.

Lakini naomba uisome tena orodha yako polepole. Tumbo lililopunguzwa huzuia chakula kigumu. Kinachotiririka na kinachoyeyuka mdomoni halikizuii. Vikombe vinne vya chai kwa vijiko viwili kila kimoja ni vijiko vinane vya sukari, takriban gramu 32, yaani kalori zipatazo 130 kabla hujahesabu maziwa. Ongeza juisi, kashata, karanga na kitumbua. Havikushibishi, havikubani kifua, na hakuna mtu nyumbani anayeviona kuwa ni mlo. Hata mchuzi unaoteremshia ugali unakisukuma chakula kipite upesi, na baada ya saa moja uko tayari kudonoa tena. Sioni ulafi hapo. Naona mtu ambaye vyakula vigumu vinamuumiza na laini vinampokea vizuri, kwa hiyo amehamia kwenye vilaini bila kujua.

Ningeanza na protini. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa siku uliyoieleza sidhani unafika nusu. Yai moja lina gramu zipatazo sita, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina zaidi ya gramu 20. Tanga haikosi dagaa, na maharage na mtindi usiotiwa sukari vinapatikana kila mahali. Kula protini kwanza, mboga za majani zifuate, na ugali uwe wa mwisho kama nafasi ipo. Tafuna hadi chakula kilainike, usinywe kitu pamoja na mlo, na subiri nusu saa baada ya kula ndipo unywe. Chai usiiache, toa sukari kijiko kimoja wiki hii na kingine wiki mbili zijazo, ulimi utazoea. Juisi ya jioni iondoe kabisa, ule embe lenyewe.

Kiungulia hicho kisichukuliwe kirahisi. Baada ya sliivu hutokea mara nyingi, nacho humsukuma mtu kwenye vilaini vinavyotuliza koo. Kinahitaji daktari akiangalie kwa kipimo cha kamera, usijinunulie dawa ukameza miezi na miezi.

BahariMaskati amejibu:

Dada yangu, uliomba mtu aliyevuka mwaka wa kumi. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Maskati, na nilifanyiwa baipasi mwaka 2014 nikiwa na kilo 141. Mwishoni mwa 2015 nilikuwa na kilo 84. Mwaka 2018 nilikuwa nimefika 99, na nilijificha kama unavyojificha wewe. Leo nina kilo 90, na nimekaa hapo, kilo mbili juu au chini, kwa miaka mitano.

Nikitazama nyuma, kilo zangu zilirudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni maneno ya watu. Nilipokonda, kila niliyekutana naye msikitini au arusini aliniuliza ninaumwa nini, na huko nyumbani Unguja mama alilia aliponiona. Kwetu mtu akikonda haraka watu hufikiria maradhi, na mimi nilianza kula halua na kahawa katika kila baraza ili waone kwamba ni mzima. Wenye baipasi wengi wakila tamu nyingi hutokwa jasho, moyo hudunda na kizunguzungu huja, kwa kuwa sukari hushuka ghafla kwenye utumbo mwembamba. Mimi ilinipata mwaka wa kwanza, halafu ikafifia, na ule ulinzi ukaondoka nao. Siku hizi naeleza waziwazi kwamba nilifanyiwa upasuaji na daktari wangu ndiye anayepanga chakula changu. Mtu akishasikia hivyo mara moja, hanisukumii sahani tena.

Njia ya pili ni Ramadhani. Kila mwaka nilitoka nayo na kilo tatu, kwa sababu kuanzia magharibi hadi daku nilikuwa nadonoa bila kusimama: tende, uji, sambusa, vimto, kisha tende tena. Sasa nafuturu kwa tende moja na maji kidogo, naswali, halafu nakula samaki au kuku, na hapo ni mwisho hadi baada ya tarawehe. Maji nayanywa kwa mafunda usiku kucha, kwa kuwa tumbo hili haliwezi kupokea lita moja kwa mkupuo.

Mengine ni ya kawaida. Najipima kila Ijumaa asubuhi, na mizani ikivuka 92 napiga simu kliniki wiki hiyohiyo, wala sisubiri ifike 99 tena. Natembea dakika arobaini kila jioni, na mara mbili kwa wiki nanyanyua vyuma. Vyuma ndivyo vilivyonisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa maana kutembea peke yake hakukunirudishia misuli. Kuna wakati nilichoma pia sindano za kila wiki za semaglutaidi, dawa inayopunguza hamu ya kula, nazo zilinishusha. Muulize daktari wako kama zinakufaa.

MuuguziKisumu amejibu:

Nawasalimu nyote. Niongeze kuhusu vitamini na damu, jambo ambalo Mwalimu amelitaja kwa sentensi moja tu, nami naona ndilo la haraka zaidi. Kuacha vitamini miaka miwili baada ya sliivu si jambo dogo. Vitamini hizo ni za maisha yote. Tafadhali omba upimwe wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, folati na vitamini D, pamoja na kipimo cha wastani wa sukari cha miezi mitatu, maana uzito ukipanda kisukari nacho hurudi kimyakimya. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi hupungukiwa chuma kwa urahisi, na kama ulikuwa ukitumia metformini, kidonge cha kisukari, dawa hiyo nayo hupunguza B12. Nimewaona wagonjwa waliodhani wana njaa saa kumi jioni, kumbe ni uchovu wa upungufu wa damu wanaoutibu kwa chai yenye sukari. Ukianza tena, chuma usimeze pamoja na chai wala pamoja na kalsiamu. Acha angalau saa mbili kati ya chuma na kalsiamu.

Kuhusu sindano aliyoitaja kaka wa Maskati, sipingani naye, ila jambo moja lisemwe mapema. Katika utafiti mmoja wa semaglutaidi, watu walioacha dawa walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Anayeianza anapaswa kujua gharama yake kwa miaka, si kwa miezi. Upo pia uwezekano wa kubadilisha sliivu kuwa baipasi, na kiungulia kikali ni mojawapo ya sababu ambazo madaktari huufikiria, lakini uamuzi huo hufanywa baada ya vipimo na baada ya kurekebisha chakula. Kwa wasomaji wengine wanaotumia pombe: baada ya upasuaji huu, hasa baipasi, pombe huingia kwenye damu haraka zaidi, na hatari ya uraibu huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Niliona ni vyema kuitaja ingawa Mwalimu hakuiuliza.

Dada, nenda kliniki. Sisi tunaofanya kazi huko hatumshangai anayerudi na kilo 12. Tunaumia kwa yule anayerudi baada ya miaka sita na mguu wenye kidonda cha kisukari.

MwalimuTanga amejibu, wiki tatu baadaye:

Nawashukuru kwa moyo wote. Nililia niliposoma hesabu ya asilimia 29, nikampa mume wangu naye aisome. Hakusema kitu, lakini asubuhi yake alinichemshia mayai mawili.

Nilikwenda kliniki. Daktari hakunigombeza hata kidogo. Chuma na vitamini D viko chini, B12 iko mpakani, na sukari imepanda ingawa haijafika ilikokuwa kabla ya upasuaji. Nimeandikiwa vidonge, na kipimo cha kamera kimepangwa mwezi ujao. Chai sasa ina kijiko kimoja, na ile ya alasiri nimeiacha. Juisi nimeiacha kabisa, na jioni nasahihisha madaftari shuleni kabla ya kurudi, kwa sababu niligundua kwamba kashata na kalamu nyekundu nilikuwa nimevizoesha kwenda pamoja. Mizani imesimama kwenye 90 na nusu.

Kaka wa Maskati, nina swali. Daktari amesema ataamua kuhusu funga yangu baada ya kuona sukari. Akiniruhusu, vidonge hivi vyote unavipangaje usiku?

BahariMaskati amejibu:

Alhamdulillah. Mimi nameza kalsiamu mara mbili, nusu baada ya chakula cha futari na nusu nikitoka tarawehe, kwa kuwa mwili hauipokei vizuri ikimezwa yote kwa pamoja. Chuma nakiacha hadi daku, nakimeza kwa maji peke yake, na daku yangu haina chai wala maziwa. Mpelekee daktari mpangilio huu auone kwanza, maana mimi sina kisukari na wewe unacho.