Rauta inasoma -107 dBm, je, ninunue antena ya nje?

Mtafuta_Mnara
Wakuu, naomba ushauri. Ndani ya nyumba rauta yangu ya 4G inaonyesha RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia) -107 dBm, nikiipandisha darini inasoma -95. Hiyo hasi maana yake mawimbi hayafiki? Na tofauti ya 12 tu inatosha kunigharimu antena na kebo? Antena yenyewe imeandikwa 9 dBi, hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa.

Fundi_Masafa
Hasi isikutishe, mkuu. dBm hupima nguvu kwa kuilinganisha na miliwati 1. Miliwati 1 ni 0 dBm, wati 1 ni 30 dBm. Kinachoifikia rauta ni chembe ndogo mno ya miliwati, ndiyo maana namba iko chini ya sifuri. -95 ina nguvu kuliko -107.

Na 12 si ndogo hata kidogo! Kila desibeli (dB) 3 ni karibu mara mbili, kila 10 ni mara kumi. Huko darini unapata takribani mara 16 ya unachopata chini.

Kebo_Fupi
dBi ni habari nyingine. Inalinganisha antena yako na antena ya kinadharia inayotawanya mawimbi sawasawa pande zote. Antena haizalishi nguvu, inaielekeza upande mmoja, kwa hiyo lazima itazame mnara.

Kinachowaumiza wengi ni kebo. Nyembamba na ndefu inakula desibeli, na masafa (frikwensi) ya mawimbi yakiwa juu inakula zaidi. Ikila 6, katika zile 9 umebaki na 3. Mimi ningeiacha rauta darini karibu na antena, kisha nishushe waya wa mtandao. Huo unafika mita 100 bila shida.

Mtafuta_Mnara
Asanteni sana. Kwa hiyo nitazame RSRP peke yake?

Fundi_Masafa
Hapana, tazama na SINR. Inakuonyesha mawimbi yako yanazidi kelele na mwingiliano kwa kiasi gani. Yenyewe huandikwa dB tupu, kwa kuwa haipimwi dhidi ya miliwati. Unaweza kupata RSRP nzuri huku SINR iko karibu na sifuri, na intaneti ikajikokota.

Ukifunga antena, izungushe kidogo kidogo, kila hatua subiri namba zitulie. Pale SINR inapopanda zaidi ndipo ukaze bolti, hata kama RSRP imepungua desibeli moja au mbili.