Tupeane uzoefu: wadudu wa baharini wanaokula nguzo na mitumbwi kutokea ndani

MbaoZaMafinga

Kamwene wakuu.

Nauza nguzo na mbao hapa Mafinga, huu mwaka wa kumi na mbili. Adui wa mbao wa huku kwetu nawajua: mchwa, moto wa kiangazi, ukungu kwenye mbao zilizopangwa zikiwa mbichi. Huyu ninayemleta leo nilikuwa simjui, na amenitia aibu mbele ya mteja.

Mteja mwenyewe ni wa pwani, upande wa kusini. Alikuja kuchukua nguzo 14 za mkaratusi kwa ajili ya gati dogo la mashua za uvuvi. Nilimchagulia zilizonyooka, zilizokauka vizuri, zimetiwa dawa kiwandani mpaka zimegeuka kijani. Mwaka na nusu baadaye ananipigia simu, sauti imebadilika. Nguzo tatu zimevunjika, moja ikiwa na watu juu yake. Namshukuru Mungu maji yalikuwa ya kiunoni.

Nikapanda basi nikaenda. Kwa nje nguzo zilikuwa safi. Nikagonga kwa nyundo, ikalia kama ngoma. Tukang'oa moja ya zile zilizovunjika maji yalipotoka, tukaikata kwa msumeno. Jamani, ndani ilikuwa sega la nyuki. Matundu ya unene wa kidole changu cha mwisho, mengi hata huwezi kuhesabu, na kila tundu limepakwa kitu cheupe kama ganda la yai. Ule ukingo wa kijani wa pembeni, kama pingili moja ya kidole, ulikuwa mzima kabisa. Kilicholiwa ni moyo wote.

Nikamuuliza fundi wake wameingilia wapi. Akanionyesha matundu ya bolti. Nguzo zilishushwa ufukweni zikiwa nzima, wakazitoboa pale pale ili kufunga mihimili.

Nguzo tatu nilizilipa mwenyewe. Linaloniuma ni kwamba siku ile ananunua sikumuuliza hata swali moja zinakwenda kusimama wapi. Mliowahi kukutana na viumbe hivi, leteni mliyoyaona. Wengi wetu huku milimani tunauza mbao zinazoishia baharini, na bahari hatuijui.

Ticha_Mbeya

Pole sana mkuu. Mimi nafundisha baiolojia hapa Mbeya mjini, na huyo mgeni wako nimeshawahi kumshika kwa mkono.

Tulipeleka wanafunzi Kilwa Masoko kuona bahari. Wengi wao ilikuwa mara ya kwanza. Niliokota ufukweni kipande cha gogo kilichooshwa na maji, nikakipasua kwa panga mbele yao. Ndani kulikuwa na mahandaki yaliyopishana huku na huku, na hakuna hata moja lililotoboa jingine. Wanafunzi walitafuta yanapokutana mpaka wakachoka. Kila mdudu anakwepa nyumba ya mwenzake.

Watu wanamwita mnyoo kwa sababu ni mrefu na laini. Siyo mnyoo. Ni ndugu wa chaza na kombe. Aina yake inayojulikana zaidi kitaalamu inaitwa Teredo navalis. Gamba lake halimfuniki mwili kama la chaza. Limebaki vipande viwili vidogo kichwani, vyenye mistari ya meno kama tupa. Hivyo ndivyo anavyosagia mbao. Kinachobaki nyuma ni mwili mtupu, na ule weupe ulioona ni chokaa anayopaka kwenye kuta za handaki lake.

Anaingia akiwa mchanga, tundu la mlango halizidi ncha ya pini. Akishaingia hatoki tena maisha yake yote. Anachimba kufuata nyuzi za mti, anakua, handaki linapanuka. Mkia wake unabaki mlangoni na una mirija miwili, mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kutoa taka. Akihisi hatari anaivuta mirija ndani na kuziba mlango kwa vibamba viwili vigumu. Kwa hiyo unaweza kuwa na nguzo yenye mamia ya wapangaji, na nje huoni kitu zaidi ya vitobo vya sindano.

Mbao zenyewe anazimeng'enya kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye matamvua yake anayopumulia. Mchwa naye anahitaji vijidudu vya kumsaidia, ila wake wako tumboni.

Na usione aibu, mkuu. Mwaka 1731 Waholanzi waligundua kwamba mbao zilizokinga kingo zao za bahari zimeliwa na mdudu huyu huyu. Sehemu kubwa ya nchi yenyewe iko chini ya usawa wa bahari. Ilibidi waagize mawe kutoka nchi za nje wajenge upya.

ViaziUyole

Kumbe ni ndugu wa chaza! Miaka yote nilijua ni aina ya funza.

Mzee_wa_Tukuyu

Wanangu, nimestaafu niko Tukuyu na migomba yangu, lakini ujana wangu wote niliumalizia kwenye majahazi, kati ya Lindi, Mafia na Unguja. Mambo haya kwetu yalikuwa kazi ya kila mwezi, wala hakuna aliyeyashangaa.

Nahodha aliyenilea alikuwa hakubali chombo kikae majini muda mrefu bila kukitazama tumbo. Tulisubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida. Maji yakijaa tunakisogeza juu kabisa, yakitoka kinabaki mchangani, kimelala ubavu. Kwanza tunakwangua chaza na majani yote. Halafu tunawasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya mbao, taratibu, usiunguze pamba ya kalafati iliyoziba mianya ya mbao. Moto ule ni wa kuwaua walioko ndani. Ukikaribia unasikia mbao zinalia, tss, tss, na harufu ya kitu cha baharini kinachoungua.

Baada ya hapo ndipo deheni. Shahamu ya ng'ombe inayeyushwa, inachanganywa na chokaa, inapakwa kwa mkono ikiwa bado ya moto. Kwa mkono, siyo brashi, kwa sababu mkono unaingia kwenye kila mwanya. Viganja vyangu havijasahau mpaka leo. Siku ya pili unageuza ubavu wa pili.

Nilishuhudia mashua moja ambayo mwenyewe alikwenda kuuguza mama yake akaiacha kwenye maji zaidi ya miezi minne. Aliporudi akaitia tanga, upepo wa kwanza tu ubao wa chini karibu na mkuku, ule uti wa chombo, ukaachia. Mguu wa baharia ulipita ubaoni kama unakanyaga mkate. Waliokolewa na ngalawa zilizokuwa karibu.

Na wewe wa Mafinga, uliyemlipa mtu nguzo zake, umefanya jambo la kiungwana.

MbaoZaMafinga

Shikamoo mzee wangu. Hayo maneno yako ya mwisho yamenituliza kuliko unavyodhani.

Niulize kitu: hivi mti wenyewe hauna tofauti? Watu wa pwani wananiambia mvule hauliwi.

Mzee_wa_Tukuyu

Marahaba. Tofauti ipo, kubwa. Mvule, msaji, mbambakofi, hiyo ilikuwa miti ya chombo. Lakini "hauliwi" ni neno la muuzaji. Unaliwa polepole. Mwembe ndio unaliwa upesi, na mitumbwi mingi ni ya mwembe kwa sababu ndio mti mnene unaopatikana. Mwenye mtumbwi wa mwembe huuvuta nchi kavu kila anaporudi.

MamaMwani

Nami niseme langu, mimi ni mtoto wa Njombe niliyeolewa Mtwara. Nalima mwani.

Mwani unafungwa kwenye kamba, kamba inafungwa kwenye mambo, yaani vigingi, unayopigilia chini baharini. Mambo hayo ni fito tu. Mwaka wa kwanza nilikata nyingi, nikapigilia kwa nguvu zangu zote, nikaona nimemaliza. Baada ya miezi michache nikaanza kukuta kamba zinaelea na mwani umekwenda na maji. Nikadhani naibiwa. Nilimkasirikia jirani yangu wa shamba bure, tukanuniana karibu msimu mzima, na mpaka leo nikimwona naona haya.

Ilikuwa fito zinakatika zenyewe. Lakini zangu hazikuwa na matundu makubwa kama ya kaka wa Mafinga. Zilikuwa zimelika kutoka nje kuingia ndani, usawa ule maji yanapopanda na kushuka, zimekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Ukikwaruza kwa ukucha unakuta vidudu vyeupe vidogo, kama punje ya ulezi, vina miguu mingi. Mama mkwe alisema tu, "hao ndio wao," akaniambia nikate fito nyingine.

Siku hizi nakagua mambo kila bamvua na kubadilisha yaliyokonda kabla hayajakatika. Kwa mwaka fito ninazonunua ni hela nyingi. Anayejua dawa isiyoharibu mwani aniambie, kwa sababu mwani unaliwa na watu.

Ticha_Mbeya

Dada, hao ni wengine kabisa. Hao ni jamii ya kaa na kamba, wanaitwa Limnoria. Wana milimita tatu nne hivi, hawajifungii ndani kama yule wa kwanza, wanatafuna juu juu, mawimbi yanaondoa kilicholegea, wanatafuna tena. Ndiyo maana ya hicho kiuno. Wako pia ndugu zao, Sphaeroma, wanaotoboa mizizi ya mikoko iliyo hai.

Fito za dawa nisingekushauri kabisa. Dawa ya kijani ina shaba, kromu na aseniki, na wewe unalima chakula. Endelea kubadilisha, inachosha ila ni salama.

Matema_Ufukweni

Wakuu, mimi nimezaliwa na kukulia hapa Matema, Kyela. Mitumbwi yetu ya kuchonga inakaa ndani ya Ziwa Nyasa mwaka mzima. Wa babu yangu tuliurithi, na mpaka sasa tunavulia. Unaoza, ndiyo. Ukiuacha nchi kavu mchwa wanaupanda kwa chini. Nyufa tunaziba. Lakini vitobo vya namna hiyo sijaviona hata siku moja. Ni mti wetu mgumu au ni nini?

Ticha_Mbeya

Siyo mti, ndugu yangu, ni maji. Teredo anataka chumvi. Chumvi ikipungua sana anafunga mlango wake na kusubiri. Anaweza kuvumilia wiki kadhaa, lakini maji baridi, yasiyo na chumvi, yakiendelea anakufa. Ziwa Nyasa hana pa kuanzia.

Wenzetu wa Sweden wana meli ya kivita inaitwa Vasa. Ilizama 1628, safari yake ya kwanza, haikufika mbali. Wakaiinua mwaka 1961, ikatoka ikiwa karibu nzima baada ya miaka 333. Bahari ya Baltiki pale ilipozama ina chumvi kidogo mno kwa mdudu huyu. Ingezama Kilwa leo tungeokota misumari.

Matema_Ufukweni

Ndaga fijo, mwalimu. Nitawasimulia vijana wa hapa. Tunalalamika kuhusu ziwa letu kila siku, upepo wa mwera, samaki kupungua, na kumbe kuna zawadi hatukuijua.

FundiDawa

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha kutia nguzo dawa, miaka tisa sasa, na ningependa MbaoZaMafinga anielewe vizuri hapa.

Nguzo ya mkaratusi ina sehemu mbili. Sehemu ya nje, changa, inanyonya dawa. Moyo haunyonyi, hata ukiweka presha ya namna gani. Ukiikata unaona pete ya kijani na katikati rangi yake ya asili. Kwenye nguzo ya umeme hilo halina shida kubwa, pete inatosha. Ukishatoboa tundu la bolti baada ya dawa, umemfungulia mdudu mlango mpaka chumbani. Paina inanyonya ndani zaidi, ila nayo ukiikata kichwa au kuitoboa baada ya dawa, pale pamebaki wazi.

La pili. Kiwango cha dawa siyo kimoja. Wazungu wana madaraja: nguzo iliyosimama ardhini au kwenye maji baridi iko daraja la 4, ya maji chumvi daraja la 5. Dawa inayotakiwa baharini ni mara kadhaa ya ile ya nguzo ya umeme. Nguzo zako zilikuwa nzuri, mkuu, ila zilitengenezwa zisimame Makambako, siyo baharini.

Zilizobaki kumi na moja, mwambie mteja azivishe nailoni nene kuanzia chini ya mchanga mpaka juu ya maji kujaa, aifunge ibane kabisa. Maji ya ndani yakikosa hewa, waliomo wanakufa, na wapya hawapati pa kuingilia. Lakini kwanza azigonge moja moja. Inayolia kama ngoma aitoe, asiivishe.

MbaoZaMafinga

Fundi, nimekuelewa vizuri sana. Nimempigia mteja mchana huu, nimemsomea ulichoandika chote. Alinyamaza kidogo, halafu akasema kesho maji yakitoka anakwenda na nyundo.

Nimemwomba fundi wake anitumie vipimo vya mihimili. Nguzo tatu za kufidia nimeshazitenga pembeni, za paina. Nitazitoboa mwenyewe hapa uani, tundu kwa tundu, na vichwa nitavikata kabisa kwa urefu wake kabla hazijaingia kwenye tangi. Kiwandani nimeomba kiwango cha bahari. Bei imepanda, nimekubali.

Na MamaMwani, fito za kubadilishia nitakuwekea kwenye lori hilo hilo, zisizo na dawa. Niandikie pembeni unataka urefu gani.

MamaMwani

Mita moja na nusu, kaka. Mungu akubariki.