Naomba ushauri: nitajuaje binti yangu wa kidato cha pili anasoma nini wiki hii?

Msumari Inchi Sita:
Wakuu habari za jioni. Nina binti yuko kidato cha pili, shule ya kata hapa Dar. Mimi ni mzazi wa kufuatilia. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa napitia madaftari yake kila jioni na najua wamefika wapi: fizikia mashine rahisi, kemia wanatengeneza oksijeni kwa haidrojeni peroksidi, baiolojia mmeng'enyo wa chakula, historia ile mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa, hesabu Pythagoras.

Tangu Jumatatu madaftari yote yako kwenye begi, na begi analala nalo. Nikimuuliza leo mmesoma nini, ananijibu "tumesoma".

Nikienda shuleni wanaweza kunipa orodha ya kila somo kwa wiki hii? Nina haraka kidogo, Novemba si mbali.

Mzee wa Kashata:
Binti wa kidato cha pili analala na begi? Mkuu, humo hamna daftari, mna simu. Na simu ina mtu.

Bi Mkubwa wa Mwenge:
Kashata, kila uzi wewe unaona simu tu. Msumari, usilifungue hilo begi usiku usiku kama mwizi. Mtoto wa umri huo ukimvunjia heshima mara moja, utakaa miaka unaitafuta. Kaa naye mchana, umuulize kwa utaratibu.

Chaki Nyeupe:
Mwalimu hapa. Orodha ipo, inaitwa azimio la kazi. Kila mwalimu anaandaa lake, mada gani wiki gani, vipindi vingapi. Nenda kwa mwalimu wa taaluma asubuhi kabla vipindi havijaanza, ukiwa na adabu utaonyeshwa.

Ila usilichukulie kama ratiba ya treni. Azimio linaweza kusema wiki hii mashine rahisi, darasani tukawa bado tunahangaika na mada ya nyuma kwa sababu mwalimu wa fizikia ni mmoja na mikondo ni sita. Kinachosema ukweli ni daftari la mtoto. Ndiyo maana mimi ningeuliza kwa nini limefichwa.

Halafu nikupongeze. Wazazi wengi wanaokuja kwangu hawajui hata mtoto yuko mkondo gani. Wewe umefika mpaka kwenye peroksidi.

Dereva wa Tandamu:
Umenikumbusha mbali na hiyo mikataba. Moresby 1822, Hamerton 1845, Frere 1873 soko la watumwa Unguja likafungwa. Mpaka leo naweza kukutajia nikiwa usingizini, ila nilikuwa sielewi hata neno moja la mwalimu. La saba tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari unaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Ukiteleza neno moja la Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako naye kateleza. Mimi kibao kile nilikaa nacho mpaka kikawa kama kitambulisho. Siku moja nimekinyea mvua nacho, rangi ikanitoka kwenye shati jeupe, mama akanipiga tena nyumbani.

Pilipili Hoho:
"Nimekinyea mvua" 😂😂 Kiingereza kilikushinda, Kiswahili nacho kimegoma.

Dereva wa Tandamu:
Nimenyeshewa! Simu hii ina vibonye vidogo.

Bi Mkubwa wa Mwenge:
Msumari hujajibu. Umesema tangu Jumatatu. Jumatatu kulitokea nini?

Msumari Inchi Sita:
Hakuna kikubwa, dada yangu. Kulikuwa na swali la hesabu alikosea, nikamrekebishia humo humo kwenye daftari. Mwalimu wake akaona mwandiko wa mtu mwingine, tena kwa penseli ya fundi, ile bapa. Akamwuliza mbele ya darasa ni nani huyo. Wenzake wakacheka. Ndiyo hivyo tu.

Chaki Nyeupe:
Swali lenyewe lilikuwaje?

Msumari Inchi Sita:
Pembetatu yenye pembe mraba, pande mbili ni 9 na 12, tafuta ule mrefu. Yeye kajumlisha kaandika 21. Mimi nikaandika 15.

Mkuu, mimi ni fundi ujenzi. Kila msingi tunauanza na kamba. Unapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, unavuta mshazari, ukisoma 5 kona imekaa skwea, isiposoma 5 unasogeza vigingi. Nimefanya hivyo miaka 17. Sikujua kama ile ni kanuni ya Mgiriki, inaandikwa ubaoni, watoto wanafanyia mtihani. Siku niliyoiona kwenye daftari nilikaa juu ya ndoo nikacheka peke yangu.

Mzee wa Kashata:
Kumbe mafundi wanaotuachia kona za duara hawajasoma Pythagoras. Wangu alikuwa hajasoma hata futi.

Bi Mkubwa wa Mwenge:
Nimecheka kwenye ndoo, lakini hunipotezi. Fundi wa miaka 17, Pythagoras naelewa. Mikataba ya watumwa na mmeng'enyo vinakuhusu nini mpaka uwe na haraka? Na Novemba mtihani ni wa mtoto, mbona presha ni ya kwako?

Msumari Inchi Sita:
Nilijua nitafika hapa.

Mimi niliishia la saba. Nimejiandikisha Mtihani wa Maarifa, QT. Wakishalala napiga picha kurasa za siku hiyo, asubuhi sana nanakili kwenye daftari langu. Nalificha kwenye boksi la vifaa, chini ya pima maji. Mama yake hajui. Tena mama yake na wakwe zangu wote wanajua nilimaliza kidato cha nne, niliwaambia hivyo mwaka 2008 nikiposa.

Jumatatu mtoto aliporudi aliniuliza, "Baba, kwani wewe ulisoma shule gani?" Nikamwambia nenda kaoge.

Chaki Nyeupe:
Hapo sasa tunaongea. QT inapima kidato cha kwanza na cha pili vyote. Notisi za binti wa wiki hii hazitakufikisha, una mwaka mzima wa nyuma ambao huna. Tafuta darasa la jioni, yapo mengi ya watahiniwa wa kujitegemea. Ukifaulu, ndipo unaruhusiwa kufanya cha nne.

Ustadhi Mpole:
Ndugu yangu, elimu haina mwisho, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Lakini ndoa uliyoijenga juu ya neno la uongo unaikalia kwa miaka yote hiyo na unalala usingizi? Mwambie mkeo leo.

Msumari Inchi Sita:
Ustadhi, nimekusikia. Ila ada nimeshalipa, kwenye hela ya bati za jiko, yeye anajua bati zimepanda bei. Nikifaulu QT, kinachofuata ni cha nne. Cheti nikikipata, uongo utakuwa umekwisha wenyewe bila kelele. Sioni faida ya kumwambia saa hizi.

Pilipili Hoho:
Cheti kitaandikwa mwaka gani mkuu? Ulimaliza kabla ya 2008, cheti kinatoka leo. Utamwambia kilichelewa posta?

Msumari Inchi Sita:
Hilo sikulifikiria.

Mpekuzi Huru:
Jamani mnaliwa muda. Hii ni chai, uongo mtupu, tena chai ya maziwa. Kwanza, la saba gani anaandika "haidrojeni peroksidi" bila kosa hata moja? Pili, ID hii hii 2021 ilifungua uzi wa injini ya pikipiki, nanukuu: "mimi ni dereva boda hapa Mwanza". Leo ni fundi wa Dar mwenye miaka 17 kazini. Tatu, ile ndoo. Watu wa kweli hawakai kwenye ndoo na kucheka peke yao, hao ni watu wa kwenye hadithi.

Mzee wa Kashata:
Ndoo napingana nawe. Saiti nzima ina viti gani vingine?

Dereva wa Tandamu:
Na hata ikiwa chai, mimi nimeinywa. Leo nimemwomba mwanangu anionyeshe daftari lake la historia. Kumbe sasa wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Sisi tulivishwa vibao bure.

Msumari Inchi Sita:
Peroksidi nimeinakili kutoka kwa mtoto mara tatu, nitaikoseaje? Injini ilikuwa ya shemeji yangu, yuko Mwanza, hana simu ya intaneti. Niliandika "mimi" ili kufupisha.

Bi Mkubwa wa Mwenge:
Kaka, huko kufupisha kwako ndiko kulikokufikisha hapa.

Chaki Nyeupe:
Tuache ID. Mtu wa saiti simpimi kwa uzi wa 2021. Toroli lina mzigo wa niutoni 600, katikati ya mzigo ni nusu mita kutoka kwenye ekseli. Mikono unaishika mita moja na nusu kutoka ekseli. Nguvu ya kuinua ni kiasi gani, na hilo ni wenzo daraja la ngapi? Usitafute Google.

Mpekuzi Huru:
Nasubiri hapa.

Msumari Inchi Sita:
Daraja la pili, maana mzigo uko katikati ya gurudumu na mikono. 600 mara 0.5 ni 300. Gawanya kwa 1.5 unapata 200. Ndiyo maana kibarua mzoefu mfuko wa saruji anausukuma mbele kabisa juu ya gurudumu, mgeni anauweka karibu na tumbo lake na saa sita analalamika mgongo.

Chaki Nyeupe:
200 nini?

Pilipili Hoho:
Mifuko.

Bi Mkubwa wa Mwenge:
Na mkeo unamwambia lini?

Msumari Inchi Sita:
Niutoni 200, mwalimu.